Mzee wa Bucha Alipoalika Watu Kula Kunde

Ukienda buchani kwake ukasema unataka nusu kilo ya steki, hakukukatalia, lakini steki hukupata. Alikutazama, akanoa kisu juu ya kisu kingine, kisha akakata kile alichoona yeye kinakufaa. Mjamzito alipewa ini hata kama hakuliomba. Aliyekuja akinuka pombe alipewa mifupa ya supu na maneno makali ya kuondoka nayo. Ukilalamika alisema, “Kapike kwanza. Ukiona mbaya, irudishe.” Hakuna aliyeirudisha, maana nani anarudisha nyama iliyokwisha kuiva?

Pale Ikungi kila mtu alimwita Mzee wa Bucha. Shehe alimwita hivyo mbele ya watu msikitini, na mkewe alimwita hivyo siku za hasira. Mimi nilikuwa na mgahawa ng'ambo ya barabara, mabati juu, mabenchi chini, sufuria zangu nyuma. Nyama ya mgahawani niliichukua kwake tangu mwanangu Anna akiwa mgongoni hadi Anna akaolewa. Kwa hiyo ninaposema nilimjua, sisemi kwamba nilijua alikozaliwa au ukoo wake. Hayo sikuwahi kumuuliza. Nilimjua kama unavyomjua mtu unayemwona kila asubuhi akifungua mlango.

Alidharau mboga waziwazi. Siku nikipika maharage peke yake, alivuka barabara, akafunua sufuria bila kuomba ruhusa, akatikisa kichwa.

“Mama Anna, nani anaumwa hapa?”

“Hakuna anayeumwa, mzee. Shikamoo.”

“Marahaba. Sasa mbona umepika chakula cha wodini?”

Halafu alirudi kwake, na kabla sijamaliza kukoroga ugali nililetewa kipande cha kidari kimefungwa kwenye gazeti, nikitumbukize. Hakukihesabu kwenye hesabu zangu. Ndivyo alivyokuwa: alikutukana, kisha akakulisha.

Katika mwezi wa Ramadhani alifunga bucha mchana, akaja kukaa kwenye kigoda karibu na moto wangu, akinusa. Nilimwambia anajitesa bure. Akasema mfungo wa mtu aliyelala kitandani si mfungo, yeye anataka kufunga huku anaona. Alikaa hapo akiniambia nipunguze chumvi, na hakuwa ameonja.

Na mtu huyu, aliyechinja ng'ombe kwa utulivu kama mtu anayefunga mlango wake, alikuwa hawezi kuona damu ya binadamu. Siku moja nilijikata kidole nikimenya kiazi. Alipoona damu inachuruzika alikaa chini kwenye vumbi, macho yamegeuka. Wateja waliacha sahani zao wakampepea yeye, na mimi mwenye kidole nikabaki natafuta kitambaa mwenyewe. Alipozinduka alitukataza kusema. Tukasema mji mzima.

Akigombana na mkewe asubuhi, siku hiyo hakuchinja. Kisu alimpa msaidizi wake. “Mnyama hajanikosea,” alisema, na hapo hakuwa anatania.

Kuna jambo jingine ambalo watu wengi walilichukulia kama majivuno. Jioni, kabla ya kwenda nyumbani, alioga nyuma ya bucha kwa ndoo na sabuni ya mche. Alisugua kucha. Alivua kila kitu, hata kofia, akavaa nguo safi alizozitundika ndani ya mfuko ili zisishike harufu. Wenzake walimcheka: muuza nyama anajifanya karani. Mimi pia nilicheka, mpaka mkewe aliponieleza sababu. Sababu ilikuwa Zulfa, binti yake wa mwisho.

Zulfa alipokuwa mdogo, kabla hajaanza shule, alilea mwana-mbuzi aliyefiwa na mama yake. Alimnywesha maziwa kwa chupa, akamlaza kwenye gunia karibu na kitanda chake. Mbuzi akakua, akawa anamfuata mpaka dukani. Wakaja wageni kutoka Mtinko, watu wa heshima, na baba hakuwa na mnyama mwingine wa karibu. Kwake lilikuwa jambo la kawaida, hata hakufikiri. Mtoto alikula na wageni kama wengine. Alipokwenda nje kumtafuta mbuzi wake, kaka yake mmoja alimwambia, akicheka, mahali mbuzi alipo.

Tangu siku hiyo Zulfa hakutia nyama mdomoni. Si ya mbuzi, si ya ng'ombe, si kuku, si samaki. Na baba yake akimkaribia na harufu ya bucha, alijificha nyuma ya kabati.

Walidhani ni utoto, utapita. Haukupita. Baba alibembeleza, akafoka, mwisho akafanya ujanja: alimwambia mkewe achanganye mchuzi wa nyama kwenye maharage ya mtoto, kidogo kidogo, apate nguvu bila kujua. Zulfa alijua siku ile ile. Hakulia, hakugombana. Aliacha tu kula chochote kilichopikwa nyumbani. Alikuja kwangu na kibakuli chake akakaa karibu na sufuria, akiangalia kila ninachotia. Nilimwona akikonda, na nilimwona baba yake ng'ambo ya barabara akijifanya anafuta mizani.

Hatimaye alivuka. Alichuchumaa mbele ya mtoto, akiwa ameoga, akiwa na nguo safi, na saa hizo ilikuwa asubuhi, wateja wanamsubiri.

“Zulfa, sitakudanganya tena kwenye chakula. Umenisikia?”

Mtoto akamtazama mikono. “Kabisa?”

“Kabisa.”

Hiyo ndiyo asili ya kuoga. Na tangu hapo Zulfa alirudi kula kwao, lakini tabia moja ilimbakia. Kila sufuria aliyoikuta, ya kwao, ya jirani, ya shuleni, aliuliza kwa upole: “Samahani, humu mmetia nini?” Aliuliza hivyo mpaka akawa mwanamke mzima.

Si rahisi kuwa hivyo kwetu. Huku mgeni anachinjiwa. Asiyekula nyama ni mgonjwa au ana neno na wewe, na yeye alikuwa mtoto wa bucha. Wapo waliosema ng'ombe wote ambao baba amewachinja wamekuja kumlipiza kwa binti yake. Kwenye harusi za ndugu, Zulfa alibeba maji, alipepeta mchele, alicheza kuliko wote, na chakula kilipofika alitafuta kona, akatoa kwenye mkoba chapati mbili alizotoka nazo nyumbani. Wali wa pale hakuugusa, kwa sababu mwiko wa kupakulia wali na nyama ni mmoja. Kuna familia ilileta posa, ikaja ikaiondoa. Mama wa yule kijana alisema hawezi kupata mkwe ambaye siku akiugua hatampikia supu. Mzee wa Bucha aliwasikiliza, akawasindikiza hadi barabarani, akarudi akakata nyama siku nzima bila kuzungumza na mtu.

Baadaye akaja Idrisa, fundi umeme wa Manyoni. Alifika mgahawani kwangu na Zulfa, wakaagiza choroko na ugali wa mtama. Zulfa alipouliza mmetia nini humu, Idrisa hakuona aibu wala hakucheka. Aliniuliza, “Mama, na mafuta ni ya alizeti?” Nikajua huyu ameshajifunza.

Posa ikapokelewa. Siku chache baadaye, mchana, wateja wamepungua, Mzee wa Bucha akavuka barabara. Hakufunua sufuria. Akavuta kigoda akakaa.

“Mama Anna, utanipikia harusi ya Zulfa.”

“Kwa furaha, mzee. Ng'ombe wangapi?”

“Hakuna ng'ombe.”

“Mbuzi basi.”

“Hakuna mbuzi. Hakuna kuku. Hakuna hata mchuzi wa mfupa. Nataka watu wote wale anachokula yeye.”

Nilidhani ananitania, nikacheka. Hakucheka. Nikamwambia, “Mzee, watakucheka. Wewe ndiye bucha.”

“Najua mimi ni nani,” akasema. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya mtu ambaye hajawahi kuuliza jambo hilo maishani, “Hivi kunde zinapikwaje zikapendeza?”

Kikao cha harusi kilifanyika uani kwake, nami niliitwa kama mpishi. Mwenyekiti alikuwa kijana mchangamfu, anauliza haraka haraka.

“Mbuzi wa ndafu mnataka mmoja au wawili?”

“Hakuna ndafu,” akasema Mzee wa Bucha.

“Sawa, tuna kuku.”

“Hakuna kuku.”

“Hata kuku? Singida hii, mzee? Watu wanashuka kwenye mabasi kununua kuku kwetu!”

Watu wakacheka. Kaka mkubwa wa Mzee wa Bucha hakucheka. Alikuwa mzee mrefu, mfugaji wa Mtinko, mtu ambaye neno lake kwenye ukoo halikujibiwa mara mbili. Aliweka kikombe chini.

“Watasema umefilisika.”

“Watasema.”

“Watasema tumewapa wakwe majani kama mifugo.”

“Kaka,” akasema Mzee wa Bucha, “huyu mtoto amekuja kwenye harusi za watoto wako wote. Amebeba maji, amecheza, amekula chapati kavu kwenye kona. Kuna siku aliwahi kukwambia umpikie tofauti?”

“Hapana.”

“Basi sasa harusi ni yake. Unataka bi harusi naye akae na mkoba mapajani?”

Kaka akageukia Kinyaturu, na maneno yaliyofuata sitayaandika. Shehe ndiye aliyewatuliza. Alisema karamu ni kulisha watu, nyama si sharti la ndoa. Kikao kikaisha bila watu kukubaliana, ila kwa kuwa baba wa bi harusi hakubadilika, ikawa imekubaliwa.

Kesho yake alipanda basi mwenyewe kwenda Manyoni kuwaeleza wakwe, wasije wakashtukizwa. Alinisimulia aliporudi. Mama yake Idrisa alimsikiliza, akauliza, “Ni mfungo, au ni dawa?”

“Si mfungo wala dawa,” akamjibu. “Ni mwanangu.”

Yule mama akasema kama ni hivyo, wao wataleta asali na maziwa mgando.

Siku moja kabla ya harusi, wakati tunachambua mchele, fuso likasimama mbele ya nyumba. Kaka mkubwa akashuka, na nyuma likashushwa dume jekundu, limenona, pembe zimeenda juu. Zawadi. Sote tulielewa. Zawadi ya kaka mkubwa hairudishwi, na dume la namna ile haliletwi harusini kuangaliwa.

Mzee wa Bucha alilizunguka dume lile, akalipapasa mgongo. Mikono yake ilijua kila mahali. “Asante sana, kaka. Mnyama mzuri.” Akamfunga mwenyewe kwenye mti wa nyuma, akamwekea maji.

Jioni kaka akauliza, “Mbona hajachinjwa?”

“Ulimleta kwa nani?”

“Kwa bi harusi.”

“Bi harusi amempokea. Atakwenda naye Manyoni, wamfundishe jembe. Idrisa ana shamba la alizeti, linalimwa kwa mkono.”

“Unanifanyia mchezo?”

“Sikufanyii mchezo. Ukimchinja, watu wanakula siku moja. Akilima, watakutaja kila msimu.”

Kaka alisimama pale muda mrefu, fimbo mkononi. Nikamwona Zulfa dirishani, ameshika pazia, hajui atoke au asitoke. Mwishowe kaka akaingia ndani kulala bila kula.

Nilipika na wanawake wa mtaa wetu, na sijawahi kuogopa sufuria kama siku ile. Tulipika pilau ya njegere na viazi, kunde za karanga, choroko nzito, kisamvu cha karanga, mlenda, maboga, ugali wa mtama kwa wazee, na sambusa za dengu. Vitunguu vyetu vya Singida nilivikaanga mpaka vikawa rangi ya kahawia, maana nilijua harufu ndiyo itakayowavuta watu kabla macho yao hayajawakatisha tamaa.

Nikahi ilifungwa asubuhi. Mchana watu wakakaa chini ya maturubai. Mshereheshaji akatangaza chakula kwa maneno ya kuzungukazunguka, na minong'ono ikaanza. Niliwaona watu wakifukua pilau kwa kijiko, wakitafuta nyama chini. Mama mmoja alimwambia mwenzake, “Subiri, zinakuja.” Vijana wengine waliondoka moja kwa moja kwenda stendi kula kuku, nao walirudi wakijifuta midomo. Nasema ukweli kwa sababu wengine huisimulia harusi hii kana kwamba watu wote walishangilia. Hawakushangilia. Wazee wengi walikula kwa adabu, wengine walikula kwa njaa, na wapo waliopenda kweli wakaniuliza zile kunde nimezifanyaje.

Mzee wa Bucha alikuwa amevaa kanzu nyeupe. Alikuja akaninyang'anya mwiko kwenye sufuria ya pilau, akaanza kupakua mwenyewe. Kila aliyefika mbele yake ilibidi amtazame usoni. Aliwajaza. Hakuna aliyethubutu kuuliza nyama iko wapi.

Kisha Zulfa akashuka kutoka alipokaa na bwana harusi. Tulikuwa tumemwandalia sahani yake mezani, yenye kifuniko, lakini hakuingojea. Alikuja na gauni lake akajipanga kwenye foleni, nyuma ya shangazi mmoja, mbele ya dereva wa fuso. Alipofika kwa baba yake akanyoosha sahani. Nilijikuta nasubiri lile swali lake. Hakuliuliza. Baba akapakua, akajaza mpaka punje zikamwagika kwenye mkono wa gauni. Zulfa akazidondoa, akazila, akaenda.

Wakati huo huo mtu akaja kunong'ona kwamba kaka mkubwa anaondoka. Mzee wa Bucha akanirudishia mwiko, akatoka mbio na kanzu yake kumsindikiza. Niliwaona kwa mbali barabarani, wamesimama kila mmoja upande wake, wanangoja basi, maana dereva wa fuso alikuwa bado anakula. Aliporudi, tulikuwa tunakwangua sufuria na watu wanacheza.

Dume lilikwenda Manyoni. Kaka hakumsemesha mdogo wake kwa muda mrefu, wala kwenye Idi. Kisha siku moja akatuma mtu buchani kuuliza kama yule ng'ombe wake anavuta jembe vizuri. Wakajibu anavuta sana. Tukajua yamekwisha.

Usidhani Mzee wa Bucha aligeuka baada ya hapo. Alifungua asubuhi ya kesho yake, akachoma kidari akala mbele ya bucha, kila mtu amwone. Wahuni waliompitia na kusema “Mzee, tupimie mchicha” aliwapimia mifupa. Na nikipika maharage, bado aliuliza nani anaumwa.

Mara ya mwisho kukaa naye ilikuwa Singida mjini, kliniki ya macho. Nilikuwa nimempeleka mama yangu. Bucha ilikuwa imeshashikwa na mwanawe mkubwa, nami nilikuwa sijamwona mzee tangu mvua zilizopita. Alikuwa kwenye benchi, amevaa koti zito, macho yamefunikwa na ukungu mweupe. Nilimsalimu.

“Marahaba. Mama Anna! Sauti yako haijazeeka.”

Nikakaa. Akaniambia daktari ameahidi kumfanyia upasuaji jicho moja, na anaogopa damu. Tukacheka. Akaniambia Zulfa ana mtoto wa pili, na yule wa kwanza anakula nyama kama fisi, mama yake anampikia na hasemi kitu. Kisha akasugua magoti.

“Nikuulize kitu. Ile siku ya harusi wewe ulikuwa unawaona wote. Watu walishiba?”

Nikafikiri nimdanganye. “Wapo walioshiba, mzee. Wapo waliokwenda stendi.”

“Hao nawajua.” Akatabasamu kidogo. “Mimi niliogopa sana siku ile. Hakuna aliyejua. Na alipotoka pale kwangu na sahani, nikaitwa, sikuona alivyokula. Sikuona kitu. Nilimkuta tayari anacheza.”

“Hukuambiwa?”

“Nani aniambie?”

“Mzee, Zulfa alirudi. Alimaliza, akarudi kwangu na sahani tupu.”

Akageuza uso upande wa sauti yangu. “Alirudia?”

“Alirudia. Akasema nimwongeze kisamvu.”

“Kisamvu.”

“Na pilau kidogo. Akakaa na wale wanawake wa jikoni, gauni amelikunja magotini, akala mpaka akalamba vidole.”

Nesi akatoka akaita jina lake, lile la kwenye kadi, ambalo nilikuwa silijui. Hakuinuka. Nesi akaita tena. Alinyoosha mkono akaushika wa kwangu.

“Ngoja kwanza,” akamwambia nesi. Na kwangu akasema, “Anza pale aliporudi na sahani.”

Nikaanza tena.